Ngazi ya Kwanza

Kwa maneno ya jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nasikia kwa sababu hakuna habari aliyowahi kuianza kwa neno jingine, fundi umeme alikamatwa na cheti cha kughushi. Nasikia, alisema huku akianua nguo zake, wamemkalisha ofisini tangu asubuhi. Wamekiinua hicho cheti kwenye mwanga, wakaona muhuri umechorwa kwa kalamu. Nasikia fundi kapiga magoti. Nasikia askari wa mlangoni kakichana vipande vinne, kamkabidhi, kamwambia kawashie jiko. Na nasikia miaka yote hii alikuwa anabahatisha tu, nyumba zetu hizi hazijaungua kwa rehema ya Mungu.

Aliyekuwa akisimuliwa ni mpangaji mwenzake wa chumba cha mwisho. Lakini kamba ya nguo ilikuwa ndefu, na nyuma ya shuka lenye maua alikuwapo mke wa fundi mwenyewe, vibanio viwili mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja.

"Jirani, alipopiga magoti alikuwa amevaa suruali gani?"

Mama Nasikia aliangusha taulo. "He! Kumbe upo, mama? Nasikia... ya bluu."

"Ya bluu ndiyo hii naianika. Imelala kwenye maji siku mbili."

"Basi ya kijivu."

"Ya kijivu hana."

"Mimi nimesikia tu, mama. Mimi sikuwapo."

Mke wa fundi naye hakuwapo. Lakini alikuwa ameishi na mume huyo miaka ishirini na sita, na alijua kwamba magoti yake yalikuwa mabovu kwa sababu ya kupanda na kushuka kwenye dari za watu. Hata angetaka kupiga magoti, angehitaji mtu wa kumwinua. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko huo wa kwenye kamba, na ulikuwa umeanza kwa furaha.

Ilitangazwa kwamba vyeti vya zamani vya mafundi havitatambuliwa tena mpaka vipelekwe ofisi ya ufundi, vipimwe na kupewa ngazi mpya. Asiye na kadi mpya hatatia saini fomu ya kuunganishiwa umeme. Fundi alikitoa cheti chake kwenye fremu, akakifuta vumbi, akakipeleka. Kilikuwa cheti cha karatasi nzito ya rangi ya maziwa, kimeandikwa kwa mashine ya chapa: Fundi Umeme, Daraja la Kwanza. Enzi hizo mtu alianzia Daraja la Tatu, akapanda la Pili, na wachache walifika la Kwanza. Yeye alilipata kwa kufunga mota ya viwandani mbele ya watahini watatu, mmoja wao akimpulizia moshi wa sigara usoni makusudi.

Wiki tatu baadaye akapewa kadi ndogo ya plastiki. Picha ilimtoa macho nusu yamefumba, kama mtu anayepiga chafya. Chini ya picha iliandikwa kwa herufi kubwa: NGAZI YA KWANZA.

Alirudi nyumbani na soda nne, ingawa nyumba ilikuwa na watu watatu.

"Ya nne ya nani?" mkewe aliuliza.

"Ya atakayepita. Mke wangu, wamenipima na mitambo yao yote, na bado ni yuleyule. Wa kwanza! Haya, soma mwenyewe."

"Naona. Macho umefumba."

"Macho yanahusu nini? Soma chini."

Binti yao, aliyekuwa akishona nguo kwa mama mmoja mwenye karakana, mama ambaye wafanyakazi wake wote walimwita Madamu, alikuja akaishika kadi kwa ncha za vidole. "Hongera baba. Basi nitamwambia Madamu fomu yake ataijaza fundi wa kwanza."

"Mwambie. Tena mwambie asiogope kupandishiwa bei, mimi sina makuu."

Soda ya nne ikampata Shoti. Huyu alikuwa mwanafunzi wa fundi zamani, sasa mwanamume wa miaka arobaini mwenye mvi mbili tatu na watoto watatu. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza kazini, alipozima mtaa mzima kwa bisibisi moja. Alifika akiwa ameinamisha kichwa, na kadi yake mfukoni.

"Mwalimu, mimi wamenirudishia ileile. Ya tatu."

Shoti hakuwahi kupita Daraja la Tatu. Mtihani wa la pili aliufanya mara nne, na mara ya nne mtahini alimwomba aondoke kabla hajagusa kitu. Fundi akamwekea mkono begani, akamfungulia soda.

"Usivunjike moyo. Ngazi ya tatu si haba. Utasoma, utapanda. Hata mimi nilianzia hapohapo."

"Amina, mwalimu."

"Kunywa. Bado ni ya baridi."

Wakanywa pamoja, mmoja akifurahi na mwingine akifarijiwa, na hakuna kati yao aliyejua kwamba walikuwa wamebadilishana viti.

*

Siku ya pili yake fundi alikwenda ofisi ya umeme na fomu ya karakana ya Madamu. Kazi ilikuwa imekwisha: soketi kumi na mbili, taa sita, feni mbili, na bodi ya fyuzi ambayo ukiifungua unaona kila waya umekaa mahali pake kama nywele zilizosukwa. Ungeweka pima-maji juu ya soketi yoyote, kiputo kisingesogea katikati. Kilichobaki ni saini tu. Mashine nane za kushonea zilikuwa njiani, na Madamu alikuwa ameshapokea kazi ya sare za shule mbili.

Nyuma ya dirisha kulikuwa na karani, kaka mmoja mwenye adabu na kikohozi. Alitazama fomu, akatazama kadi, akamtazama fundi, kisha akatazama nyuma ya fundi.

"Fundi mwenyewe yuko wapi, mzee?"

"Ndiye mimi."

"Namaanisha aliyekutuma."

"Sijatumwa. Nimefunga mwenyewe, nimejaza mwenyewe, natia saini mwenyewe."

"Mzee wangu, wewe huwezi kutia saini. Wewe ni msaidizi." Karani aliigeuza kadi ili fundi aione, kama vile hakuwa ameitazama kwa siku nzima. "Anayetia saini ni ngazi ya tatu. Wewe ni ya kwanza."

"Si ndiyo nakwambia! Wa kwanza. Wa tatu atanitilia saini mimi?"

Foleni nyuma yake ilianza kusikiliza. Kuna mtu alisogeza kofia yake ili asikie vizuri.

"Mzee," karani alisema taratibu, "wewe ni fundi umeme, si ndiyo? Ngazi unaitumia?"

"Kila siku."

"Ukitaka kupanda juu ya ngazi, kipandio cha kwanza kiko wapi?"

Fundi alikuwa amesimama juu ya ngazi miaka thelathini na moja. Alifungua mdomo amweleze kijana huyu habari za ngazi. Akaufunga.

"Chini," alisema.

"Sasa hapo ndipo ulipo."

Watu wawili kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya, walicheka kwa vile mchezo ulikuwa mzuri. Hata yeye alitaka kucheka. Alichukua fomu yake, akaikunja mara mbili, kisha akaikunjua kwa sababu fomu za ofisi hazikunjwi, akatoka. Askari wa mlangoni alimfungulia mlango na kumtakia siku njema. Huo ndio mkasa wote wa askari.

Nyumbani mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Alianza kucheka habari ilipofika kwenye kipandio, akaona uso wa mumewe, akakohoa badala yake.

"Kwa hiyo daraja ulilokuwa nalo juu, wao wamelichukua na namba yake, wakalisimamisha kichwa chini."

"Wameona moja, wameandika moja."

"Na soda tumekunywa."

"Soda acha."

Binti aliingia na viatu mkononi. "Baba, Madamu anauliza umeme lini. Mashine zinafika Ijumaa. Anasema Ijumaa isipowaka, anatafuta fundi mwingine, na mimi kanitazama kana kwamba ndimi niliyekata nyaya."

Kisha mkewe akasema lile ambalo wote watatu walikuwa wamelifikia, kila mmoja kwa njia yake.

"Shoti ana ya tatu."

*

Shoti alikuja Alhamisi saa tatu asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi. Alikuwa ameshaelezwa kwenye simu, na aliamini nusu. Kwamba mwalimu wake ameshushwa, hilo aliliona ni uonevu mtupu. Kwamba yeye amepandishwa, hilo aliona wamechelewa.

"Mwalimu, huenda na wao wamekuwa wakiangalia kazi zangu za karibuni," alisema njiani.

"Huenda," alisema fundi.

Madamu aliwapokea mlangoni mwa karakana, mikono kifuani. Alikuwa mwanamke mrefu wa haraka, tepu ya kupimia shingoni. "Mkaguzi ni yupi?"

Shoti alitazama nyuma kama karani alivyofanya, hakuona mtu. "Ni mimi, Madamu."

"Karibu kiti, mkaguzi. Na wewe mzee, kumbe siku zote nilikuwa namlipa msaidizi! Haya, si neno, umenifanyia kazi nzuri kwa msaidizi. Mshikie mwenzio ngazi basi, sakafu hii inateleza."

Binti, aliyekuwa kwenye kona akifumua mishono, aliinamisha kichwa mpaka uzi ukamgusa pua. Fundi akashika ngazi. Aliishika vizuri kama alivyomfundisha Shoti kuishika zamani, mguu mmoja kwenye kipandio cha chini. Shoti akapanda, akagusa taa moja, akaitikisa kidogo, akasema "Mm." Akashuka, akahamia ya pili. "Mm." Taa zote sita alizipa sauti hiyo.

Kwenye bodi ya fyuzi alikaa muda mrefu. Kulikuwa na kifaa kilichokaa peke yake upande wa kulia, chenye swichi ndogo.

"Na hiki?" alinong'ona.

"Kinakata umeme ukivuja. Shusha hiyo swichi uone."

Shoti aliishusha, kikalia tak! akaruka nyuma hatua mbili. Madamu naye akaruka.

"Kizuri," Shoti alisema kwa sauti kubwa. "Kinafanya kazi."

Fomu iliuliza mambo kumi na moja. La tisa lilitaka kipimo cha waya wa ardhi, ule unaobeba umeme kwenda chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Fundi alikuwa ameshapima, mashine yake ya kupimia ilikuwa hapo juu ya meza. Shoti aliishika kichwa chini, akasoma kwa makini namba zisizosomeka. Fundi akapatwa na kikohozi.

"Mbili nukta nne," alikohoa.

"Mbili... nukta nne," aliandika Shoti.

Kisha akatia saini. Ilikuwa saini kubwa yenye mkia, ilipita nje ya mstari, na fundi aliyesimama nyuma yake aliisoma yote mpaka mkia ulipoishia. Madamu akamshukuru mkaguzi kwa mikono miwili.

Nje, Shoti hakuweza kumtazama usoni. "Mwalimu, nimeona haya mpaka masikio yanawasha. Ile ya ngazi..."

"Uliipanda vizuri. Kiasi gani saini?"

"Usinitukane. Nichukue hela yako, mkono huu ukikauka nitamwambia nini mke wangu?"

Ijumaa karakana ikawaka.

*

Na baada ya hapo Shoti akawa mtu mkubwa. Alitengeneza ubao: FUNDI UMEME NGAZI YA TATU, SAINI ZINAPATIKANA. Watu walimfuata, maana kadi za ngazi ya tatu hazikuwa nyingi mtaani. Kazi zikamzidi, akamwomba mwalimu wake wafanye pamoja, na fundi akakubali kwa sababu tumbo halisomi kadi. Kwenye karatasi fundi akawa msaidizi wa Shoti. Kwenye dari mambo yalikuwa kinyume. Mama Nasikia alipata kazi mpya ya kueleza mtaa kwamba, nasikia, mzee kafutwa kabisa na sasa anabeba mfuko wa vyombo wa mwanafunzi wake. Hilo la mfuko, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

Shoti hakumnyima kitu. Alimletea nusu ya kila kazi bila kuombwa, na mtoto wake wa nne alipozaliwa alimwomba mke wa fundi awe wa kwanza kumshika.

Jumamosi moja fundi alichelewa kurudi, na alipofika hakutaka kula mara moja. Alikaa akisugua magoti.

"Wapi leo?" mkewe aliuliza.

"Chekechea. Lile jengo jipya alilolisaini Shoti wiki ile niliyoumwa. Kaniita eti taa moja inapepesa."

"Na?"

"Swichi kaiweka kwenye waya usio wa moto. Taa unaizima, inazimika, lakini pale balbu inapokaa umeme bado upo. Mtu akipanda kufuta vumbi akidhani kumezimwa..." Alihamia goti la pili. "Madarasa mawili. Na kuna soketi chini kabisa, usawa wa mtoto anayetambaa, haina waya wa ardhi. Nimezibadilisha zote."

"Shoti kasemaje?"

"Kacheka. Kasema, 'Ndiyo maana niko na wewe, mwalimu.'"

Mkewe alifunika chakula tena ili kisipoe. "Na wiki utakayoumwa tena?"

Binti, aliyekuwa akipaka mafuta mashine ndogo ya mkono, alisema bila kuinua kichwa, "Baba, nenda ofisini kwao. Wao ndio waliokosea. Wakirekebisha, utasaini mwenyewe."

"Na Shoti je?" mama yake aliuliza. "Kosa ni moja. Wakilinyoosha kwa huyu, litanyooka kwa yule. Huyu akipanda, yule anashuka. Ana mtoto wa mwezi mmoja, mimi mwenyewe nimemshika."

"Mimi naenda kwa langu," fundi alisema. "La Shoti silijui."

"Hulijui?"

"Simo."

Mkewe alimpakulia, akamwekea na kijiko, akakaa kumtazama anavyokula mtu asiyejua mambo.

*

Aliyemsukuma zaidi kwenda ni Shoti mwenyewe. "Mwalimu, ile ni haki yako! Mimi nakupeleka na pikipiki yangu, nakungojea mpaka utoke. Uwe na ya tatu na wewe, tufungue kampuni. Wawili wenye saini! Nani atatugusa?" Alisema hivyo akimfunga fundi kofia ya pikipiki chini ya kidevu, kama mtu anavyomfunga mtoto.

Dirishani kwenye ofisi ya ufundi kulikuwa na dada mmoja aliyesema kwamba mfumo ulishasoma cheti na mfumo haukosei.

"Umesoma shule gani huo mfumo?" fundi aliuliza.

"Mfumo hausomi shule, mzee."

"Ndivyo nilivyodhani."

Labda kwa sababu hiyo, au kwa sababu foleni ilianza kucheka, dada alimpeleka chumba cha ndani kwa mkuu wa kitengo. Huyu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa kamba, mafaili mpaka dirishani. Alimpa fundi kiti kabla ya kumuuliza shida, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu apewe kadi. Akavaa miwani. Akaweka cheti cha zamani upande mmoja na kadi upande wa pili, akatazama huku, akatazama kule. Kisha alianza kutikisika mabega, akavua miwani, akafuta macho.

"Daraja la Kwanza! Baba yangu alikuwa seremala Daraja la Kwanza, mtaa mzima ulikuwa unamwamkia. Na sisi tumekuandika msaidizi. Mzee wangu, tumewageuza watu kama magodoro. Mbona hakuna aliyekuja kulalamika?"

"Wa pili amebaki wa pili, mama, hana neno. Sisi wa kwanza ni wazee, wengi wamechoka na wengine wamekufa. Na wa tatu..." Alisita. "Wa tatu hawana sababu."

"Kweli kabisa." Alivaa tena miwani, akavuta karatasi nyeupe, akafungua kalamu. Sasa hakuwa anacheka. "Nisikilize. Nikipeleka malalamiko ya mtu mmoja, kamati itasema kosa la uchapaji, watalirudisha baada ya mwaka, au wasilirudishe. Lakini nikiwapelekea na wa upande wa pili, mwenye Daraja la Tatu la zamani aliyepewa Ngazi ya Tatu, hawana pa kukimbilia. Jumatatu wanakaa. Mwisho wa mwezi unayo kadi yako, na wenzako wote nao."

"Na huyo wa tatu?"

"Anarudishwa anapostahili. Ngazi ya kwanza. Asome, apande kama wengine." Alimtazama juu ya miwani. "Mtu anasaini majengo ya watu, mzee. Wewe unaijua kazi hiyo kuliko mimi."

"Naijua."

"Basi nahitaji mmoja tu. Jina na namba ya kadi. Si umefundisha vijana miaka yote hiyo?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Kwenye benchi la nje Shoti alikuwa amekaa na kofia mbili za pikipiki mapajani, akimweleza askari jambo kwa mikono yote miwili, na askari alikuwa anacheka. Alipohisi anatazamwa aligeuka, akainua kidole gumba, akapanua macho kuuliza: vipi, mwalimu, wamekubali?

Mkuu wa kitengo alikuwa ameshaandika tarehe. Kalamu ilisimama mwanzoni mwa mstari wa pili.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "nitajie huyo mmoja."